Mwisho Yenye Nilimupa Michée

Mama yangu haongei na mutoto yake ya kwanza tangu mwaka deux mille quatre, elfu mbili na ine. Haongei naye, haangalii uso yake, hakuli kitu yenye imetoka mu mukono yake. Na yule mutoto, ndugu yangu Michée, anakuya kwetu kila siku ya Mungu, kisha misa, na paketi moja ya sukari. Anaiweka ku tabure, kiti kidogo karibu ya mulango, anaikala mu kiwanja, anangoya. Saa mbili, saa tatu. Kisha anapanda moto yake, pikipiki, na kurudia kwake. Miye nakamata ile sukari naipelekea jirani yetu Jemima. Sasa Jemima iko na ugonjwa ya sukari, na anapenda kusema ni siye tulimupatia.

Miye ni Léontine. Niko na kazi ya photocopie hapa Bunia, chumba kidogo karibu ya boulevard, nauza na bic, na cahier ya kuandikia, na vitabu ya zamani. Bwana yangu alienda Mongbwalu kutafuta zahabu, akapata bibi ingine. Basi nilirudia kwa mama, tunaishi wawili. Michée yeye ni fundi ya moto, mikono yake iko nyeusi ya mafuta hata siku ya Pasaka, haongei mingi, hakunywi pombe. Batu ya parokia banasema: huyu mwanaume Mungu alimupa uvumilivu. Wapi! Uvumilivu yake haikutoka kwa Mungu. Ilitoka mu kitabu ya batoto, na miye ndiye nilimupatia.

Mwaka deux mille un, elfu mbili na moja, nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilikuwa wa kwanza mu kalasi. Siku ya proclamation, ya kutangaza matokeo, directeur ya masomo akaita jina yangu mbele ya bazazi bote, akanipa prix, zawadi: kitabu, balikuwa baliifunga mu papier cadeau, karatasi nyekundu ya zawadi. Jina yake Le Serment de Lokana, ni kusema Kiapo ya Lokana. Ku jalada kulikuwa kijana na panga mu mukono, nyuma yake nyumba inawaka. Batu banapiga mikono, mama anapiga vigelegele, anasema mutoto yangu iko akili. Leo ninauliza: ule directeur alikuwa ameifungua hata siku moja? Ilikuwa kitabu, ilikuwa ya Kifaransa, basi ni muzuri kwa batoto. Bakubwa banasemaka, mutoto akililia wembe, umupe. Lakini miye sikulilia wembe. Balinifungia yenyewe mu papier cadeau.

Mambo ya ndani ilikuwa hivi. Lokana ni kijana ya muji moja ya kilima. Batu ya kilima ingine banaua baba yake. Anaapa. Anakusanya vijana benzake, banashuka, banachoma muji ya bale. Ni yote. Siye tuliona ni kitabu ya mabavu, ya kijana hodari. Kisha masomo Michée alikuwa anakaranga karanga ya mama mu sufuria ya muchanga, kule nyuma ya jikoni, na miye naikala ku jiwe namusomea. Alikuwa na miaka kumi na ine, lakini Kifaransa ilimushinda, alirudilia mwaka mara mbili. Basi nilikuwa nasoma na kutafsiri papo hapo.

Ukurasa soixante-douze, ya makumi saba na mbili, ndiyo alipenda. Lokana anaweka muti ku mulango ya nyumba yenye inawaka, kutoka inje, halafu anasimama anasikiliza sauti ya ndani, moja moja, mupaka zinaisha. Muandishi alikuwa anahesabu sauti: mwanaume, mwanamuke, kazee, mutoto. Michée anaacha mwiko yake anasema, "Rudilia pale ya mulango, Léo." Na narudilia. Na nafanya zile sauti, juu nilijua kufanya sauti. Tulikuwa tunacheka! Karanga zinaungua, mama anafoka kule mbele, siye tunacheka mupaka machozi.

Vita ilipofika karibu, karatasi ikakosekana mu soko, na karanga haiuzwi mu mukono, inaomba karatasi. Mama akafunga mu cahier zangu za zamani, zikaisha. Akasema, "Lete kile kitabu." Nililia. Akasema basi toa kidogo tu. Nikapasua kurasa kumi na moja za mwisho, nikamupa, akaenda nazo ku soko. Mama hakujua kusoma, hata leo hajui.

Michée akaniuliza, "Sasa Lokana aliishia wapi?" Nikamupa mwisho. Nikamuambia, Lokana anarudia kwao, anakuta mama yake amefunga mulango, amekasirika juu ya moto na majivu. Anamungoya inje siku saba. Siku ya saba mama anatoka na unga ya muhogo mu kitunga, anaimwanga ku miguu ya mutoto yake, bamama bote banapiga vigelegele, banamupikia kuku. Michée akacheka. "Siku saba tu?" Nikasema siku saba. "Mama mukali," akasema. "Lakini mama ni mama."

Mwaka iliyofuata akaenda ku vita. Hakuna mutu alimuiba, hakuna mutu alimufunga kamba. Alienda asubui na viatu ya baba yetu marehemu, yeye na vijana batatu ya avenue yetu. Siwezi kusema ni kwa kundi gani, juu hapa kwetu ukitaja kundi umeshataja kabila, na siye nyumba yetu ilikuwa ya kabila mbili: baba ya huku, mama ya kule.

Na miezi kidogo kisha, bakachoma kijiji moja ya upande ya mama. Muyomba Honoré, kaka ya mama, mwenye alimulea mama tangu mudogo, aliungulia mu nyumba yake na bibi yake. Batu benye baliponyoka balisema kulikuwa muti ku mulango, kutoka inje.

Michée anasemaka siku ile alikuwa anabeba masanduku ya risasi, alibaki juu ya kilima. Miye nimemuamini. Lakini mambo ya ule muti sijamuuliza hata siku moja, na nyinyi pia msingeuliza.

Alirudia na ba désarmement, bale ba kurudisha bunduki, mwaka deux mille quatre, na bidon ya njano na blanketi mupya yenye balimupatia. Mama alikuwa anafagia. Akamuangalia tangu miguu mupaka kichwa, akaingia, akashusha rideau, pazia ya mulango. Jirani zikaja kumuomba. Akabajibu, "Nilizaa bawili. Mumoja aliungulia kwa kaka yangu." Hajaongeza neno tangu siku ile.

Michée hakulia. Aliikala inje siku saba, kweli siku saba, analala kwa Jemima na asubui anarudia ku kiwanja. Siku ya saba alinawa miguu! Nilimuona ku bomba, ananawa miguu, anapangusa. Na miye mujinga sikuelewa juu ya nini. Mama hakutoka. Michée akaenda kupanga nyumba karibu ya rond-point, pale njia zinakutana, akaanza kukuya siku ya Mungu. Mwaka ingine akaniambia polepole, anacheka kidogo, "Labda ile siku saba ni ya kitabu, Léo. Mu maisha, labda kila siku ni miaka tatu."

Tatu mara saba. Hesabu miye nilifanya kichwani na nikasahau. Yeye hakusahau. Mwaka hii, deux mille vingt-cinq, elfu mbili makumi mbili na tano, mwezi ya kwanza, akakuya na shimisi, shati mupya na kilo mbili ya sukari pahali ya moja, akaniambia na macho yenye inangaa, "Mwaka hii ni vingt et un, makumi mbili na moja." Ndugu yangu, mwanaume ya miaka makumi tatu na munane, anamungoya mama yake atoke na unga!

Mwezi ya tano, mwanamuke moja, Vahwere, alikuwa anahama kuenda Ariwara, akaniuzia karato ya vitabu zamani. Zile tunauzaka kwa bamama ya karanga, hata leo. Vita inaenda inarudia, karanga iko pale pale na inaomba karatasi. Nilikuwa napasua jalada moja moja, mukono yangu ikasimama. Kijana, panga, nyumba inawaka. Le Serment de Lokana. Tena nzima, mupaka ku ganda ya nyuma.

Siku ile mvua ilinyesha, courant, umeme, ilikatika, hakuna mutu alikuya. Nikaikala nikaisoma yote. Mungu yangu. Nilijua kuna moto mu ile kitabu, nilijua panga, lakini mu kichwa yangu ilibaki sawa muchezo. Nikafika soixante-douze. Mutoto ya mwisho mu nyumba anaita jina ya Lokana, juu balichezaka pamoja. Na muandishi anasifu, ati moyo ya kijana ilikuwa ngumu sawa chuma! Na balinipa prix. Na nilifanya ile sauti, ya ule mutoto, na kinywa yangu hii. Nilitoka inje mu mvua nikatapika.

Kisha nikafika ku kurasa kumi na moja za mwisho, zenye zilifungiwa karanga. Nilikuwa na hamu, kweli, nikasema sasa nitajua. Lokana anarudia kwao. Mama yake amefunga mulango. Anangoya inje, analeta asali, mama anapitisha asali chini ya mulango na kusukuma inje, kuku zinaikula. Siku zinaenda, nyasi inaota ku njia. Siku moja anasikia mama anaimba ndani, wimbo ya kulalisha mutoto. Mutoto haiko mu nyumba. Anaimbia Lokana yule ya zamani, mudogo, mbele ya kiapo. Lokana anasikiliza mupaka mwisho ya wimbo, anasimama, anaenda. Kitabu inaisha.

Na pale pale nikaijua. Ile wimbo. Nilikuwa nimeisoma.

Miaka makumi mbili na ine nilikuwa najiambia: kurasa ilipotea, basi nilitunga, mutoto mudogo alikuwa anafurahisha kaka yake. Uongo! Nilisoma ile mwisho nyuma ya jikoni, peke yangu, na nikakasirika. Hakuna vita, hakuna kushinda, mama moja tu anaimba, na kijana hodari anaenda kichwa chini. Niliona balinidanganya. Mama alipoomba karatasi, sikupasua zile juu ni za mwisho. Nilipasua zile juu sikuzipenda. Kitabu mubaya ilikuwa na kitu moja tu ya kweli ndani yake, nikaitoa nikamupa mama auzie karanga.

Nikamuelezea Priscille, rafiki yangu mwenye anauzaka unité za simu pa mulango yangu. Akanitazama sawa mutu ya malaria. "Aka, Léontine! Kitabu haikamataka bunduki. Vita ni vita. Bengi baliendaka na hawakusoma hata alfabeti."

"Ni kweli, bengi," nikamuambia. "Lakini miye sikubasomea bengi. Nilimusomea mumoja."

Nikaficha kitabu chini ya rame za karatasi. Ningeichoma. Nilitaka kuichoma. Lakini siku ya ine ya juma Michée akakuya kufanya photocopie ya karte yake, miye narudisha monnaie, chenji, kwa mutu mwingine, yeye anainama kutafuta rame mupya kunisaidia. Nikasikia tu, "Eeeh! Lokana!"

Alikuwa anaishika na ncha za vidole, juu ya mafuta. Sijamuona na ile uso tangu sufuria ya muchanga. "Léo! Iko na mwisho?"

"Iko nayo."

"Dimanche, siku ya Mungu, utanisomea. Hapana kuniambia sasa. Nataka kusikia pale ya unga na mama akiwa ndani."

Siku tatu sikulala muzuri. Banasemaka njia ya muongo ni fupi. Aka! Yangu ilikwenda miaka makumi mbili na ine bila panne, bila kukwama, na ilikuwa inaweza kuendelea. Maneno ya unga niliijua kwa moyo. Nafungua ukurasa, naangalia Kifaransa, kinywa inasema unga. Nani atajua? Mama hajui kusoma, Michée Kifaransa inamushinda hata leo. Asubui ya siku ya Mungu nilikuwa nimekata shauri: nitamusomea unga.

Akakuya, akaweka sukari ku tabure, akaikala ku bidon. Mama ndani, nyuma ya rideau, anachambua maharagi ku lungo, unasikia tu cha, cha, cha. Nikaanza mbali kidogo, nipate nguvu, nasoma na kutafsiri sawa zamani. Nikakaribia soixante-douze. Michée akanyoosha mukono, akafunika ukurasa.

"Ruka pale," akasema. "Pale ya mulango, ruka. Tafazali."

Nikaiangalia ile mukono, na nikajua kitu yenye sikuulizaka. Nikaona huyu mutu ametembea na ule muti yote hii miaka, na dawa moja tu ndiyo nimemupatiaka, ni unga ya uongo. Nilikasirika, juu yangu, juu ya directeur na papier cadeau yake, juu ya mama na rideau yake. Nikaruka. Nikafungua kurasa za mwisho na nikasoma vile imeandikwa. Asali. Kuku. Nyasi ku njia. Nilipofika ku wimbo, nikaisoma tu. Mu nyumba lungo ilikuwa imenyamaza.

Michée akauliza, "Na unga?"

"Haiko."

"Labda ku kitabu ingine, ile ya kwanza."

"Michée, unga ni miye. Nilitunga."

Akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa sapato, viatu ya dimanche, zinangaa. "Na hii ya wimbo, ulikuwa umeisoma?"

"Ndiyo."

"Mbele niende ku vita?"

"Mbele uende. Unisamehe, kaka yangu."

Nilingoya anipige kofi. Ingelikuwa muzuri zaidi. Akasimama, akapangusa suruali. "Ulikuwaka unasoma muzuri, Léo," akasema. "Kuliko bote." Akakamata moto yake, hakuiwasha, akaisukuma mupaka barabarani.

Siku ya Mungu iliyofuata hakukuya. Nikasema labda ni kazi. Ya pili hakukuya. Nikamupigia, simu haipitiki. Nikaogopa kuenda kumutafuta. Nilikuwa naogopa uso yake, ndiyo kweli, ni uoga tu.

Ya tatu, kisha misa, nilikuwa naosha sahani. Mama akatoka. Akainua rideau, akaifunga juu na kamba, akaikala ku ile tabure ya sukari, anaangalia njia. Nikaosha sahani moja mara tatu.

"Yule ya sukari," mama akasema, "leo pia hakuyi?"

Miaka makumi mbili na moja! Sahani ilinianguka. Hakunifokea. Akasema, "Mbona unasimama? Enda umuite." Na kisha, polepole, haniangalii, "Ule mama ya kitabu alikuwa mujinga. Angefungua, aimbe inje."

Nilikimbia. Naapa sijakimbia vile tangu vita. Nikafika ku garage ya rond-point, nikakuta Christian, kijana mwenye balifanyaka kazi pamoja na Michée, analala juu ya kiti ya moto. Akanishangaa. "Mama Léontine, hamukujua? Michée alienda, juma ya pili sasa. Aliniachia vyombo yake ya kazi, clé zote, tournevis zote. Alisema hana tena kazi nazo."

"Alienda wapi?"

"Alipanda gari ya Ariwara. Kisha kule sijui. Hakuna adresse. Nilimuuliza atarudia siku gani, akacheka tu."

Maji ikimwangika haizoleki. Nilirudia na miguu, njia yote, nafikiri nitamuambia mama namna gani. Nilitaka kumuambia kweli. Nilikuwa nimeona vile kweli inafanyaka.

Nikamukuta inje, vile vile, rideau juu. Alikuwa ameweka kiti ya pili, na vikombe mbili ya chai ku sinia. Pembeni, paketi ya sukari, nusu. Mama yangu, mwenye hakuombi chumvi kwa mutu, alikuwa ameenda mwenyewe kwa Jemima kuomba barudishe.

"Ulimukuta?"

Nikaangalia ile vikombe. Nikafungua kinywa.

"Nilimukuta, mama. Iko na kazi mingi leo. Alisema atakuya dimanche."

Mama akaitika na kichwa. Alikuwa karibu anacheka. "Basi funika chai yake," akasema, "isiingie inzi."

Nikaifunika.